Anwani Kwanza, Koti Baadaye: Shajara ya Safari ya Kwenda Kusoma Leipzig

Jumatano, Septemba 24, 2025

Karatasi zimejaa kitanda kizima kwa sababu meza haikutosha: barua ya udahili, pasipoti yenye viza, vyeti vya shule na chuo, matokeo ya mtihani wa lugha, uthibitisho wa pesa za kujikimu, bima ya safari, mkataba wa chumba. Kila moja nimeitolea kopi mbili, nikaiskani, nikajitumia kwa barua pepe na kumtumia dada pia. Hati halisi zote zinaingia begi la mkononi. Begi kubwa ni la vitu ambavyo vikipotea utanunua vingine, na cheti cha chuo hakiuzwi dukani.

Sehemu kubwa ya siku imekwenda kwenye majina. Sisi wenye majina matatu tunajuana: pasipoti ina yote matatu, cheti cha sekondari kina mawili, cha chuo kina matatu lakini la mwisho limetangulia, na tiketi ya ndege ina nafasi mbili tu, jina na ukoo. Ofisa wa Kijerumani atalinganisha herufi kwa herufi, wala hana muda wa kuelezwa habari za babu yako. Kwa hiyo ninayo hati ya kiapo, iliyogongwa mhuri wa wakili na kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, inayosema kwamba watu wote hao ni mtu mmoja. Kila fomu naijaza kama pasipoti ilivyoandikwa, hata pale ambapo pasipoti yenyewe imekaa ovyo.

Viza ilitoka mapema mwezi huu. Tangu Januari 2025 maombi yanaanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Ubalozini unakwenda kutoa alama za vidole na kuonyesha hati halisi. Ada ni euro 75. Lipo jambo ambalo wengi bado hawajalisikia: tangu Julai 2025, ile barua ya kuuomba ubalozi uutazame upya uamuzi wake imefutwa. Ukinyimwa, ama uanze maombi upya ama uende mahakamani Berlin. Faili lisilokamilika sasa linauma zaidi kuliko zamani.

Hata hivyo, kilichonichukua muda mrefu zaidi ni chumba. Maombi ya hosteli za Studentenwerk, shirika linaloendesha mabweni na kantini za wanafunzi, niliyatuma wiki ile ile niliyopata udahili, na jibu likaja wakati nimeshaanza kukata tamaa. Hapo katikati niliandikiwa na "wenye nyumba" kadhaa waliodai wako safarini nchi nyingine, wana picha nzuri za sebule na kodi ya kutupa, wakitaka dhamana itangulie ndipo funguo zije kwa posta. Hao ni matapeli, wote, bila kubakiza hata mmoja.

Nalisema la chumba mapema kwa sababu nimechora kwenye karatasi mlolongo wa mambo ya kufanya nikifika, na kila mshale unarudi mahali pamoja. Benki inataka anwani. Bima inataka anwani. Laini ya simu inataka anwani. Kibali cha ukaazi kinataka anwani iliyosajiliwa serikalini. Watu wananiuliza kila siku kama nimeshanunua koti; hakuna aliyeniuliza nitalala wapi.

Alhamisi, Septemba 25

Siku ya pesa.

Ujerumani inataka uonyeshe, kabla hujaondoka kwenu, kwamba mwaka wa kwanza utaumudu. Kiwango tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Anayefadhiliwa, kwa mfano na DAAD, shirika la Kijerumani linalofadhili wanafunzi wa kigeni, anapeleka barua ya ufadhili. Mwenye ndugu anayeishi Ujerumani anaweza kudhaminiwa naye. Sisi wengine tunatumia akaunti ya kufungia: unaweka zote kwa mkupuo, na ukifika unafunguliwa 992 kila mwezi, hakuna kuomba za mwezi ujao. Kwa upande wangu familia imechanga, na mjomba ameniambia bila kupepesa macho kwamba anataka kuona daftari la matumizi.

Watu wanaona tarakimu hiyo wanadhani wametajirika. Pesa ipo lakini huigusi siku ya kutua. Inafunguka ukishakuwa na akaunti ya kawaida ya kuipokelea, na wiki hizo za kungoja ndizo zenye matumizi mazito: dhamana ya chumba, kodi ya mwezi wa kwanza, mchango wa muhula, bima, blanketi, sufuria. Dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za maji na joto, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu, lakini awamu ya kwanza haingoji akaunti yako ifunguke. Nimetenga pesa ya zaidi ya mwezi mmoja pembeni, nyingi kwenye kadi na kiasi kidogo taslimu, kwa noti za 20 na 50. Noti kubwa kubwa maduka mengi yanazikwepa. Taslimu inayofikia euro 10,000 lazima itangazwe forodhani. Tatizo hilo Mungu hajanipa bado.

Halafu kuna hii laini ya simu ya nyumbani, ambayo nusu ya wanaosafiri huisahau. Benki yangu hutuma namba ya kuidhinisha muamala kwa ujumbe mfupi. Laini isipokuwa hewani huko niendako, kadi ni plastiki tu. Nimewasha huduma ya kuitumia nje ya nchi, nimeweka salio la kutosha isije ikafungiwa, na nimeijulisha benki kwamba kadi itaanza kusoma Ujerumani. Dada nimemwandikia hati ya uwakilishi kwa wakili, ili chuo changu cha zamani kikidaiwa karatasi yoyote aende yeye. Bila hati hiyo wangemwambia "mwenyewe aje", na mwenyewe hayupo.

Ijumaa, Septemba 26

Meno asubuhi, macho mchana. Bima ya afya ya umma ya Ujerumani inatibu karibu kila kitu, ila miwani ya mtu mzima kwa kawaida hailipii, kwa hiyo nimechukua jozi mbili pamoja na karatasi ya vipimo. Dawa za matumizi binafsi unaruhusiwa kuingia nazo za hadi miezi mitatu. Ziko kwenye maboksi yake, na barua ya daktari imeandika jina la kemikali, siyo jina la biashara, kwa kuwa jina la biashara hubadilika kila mpaka.

Jumamosi, Septemba 27

Mzigo. Tiketi yangu inaruhusu kilo 23 kwa begi, na mizani ya kuning'iniza nimeazima kwa jirani.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akisimamia. Kila nilipogeuka kilikuwa kimeongezeka kitu. "Mwanangu, hii haina uzito," anasema, naye ameshika sweta la pili la sufu. Mizani inasoma 25.4. Natoa kiatu, anarudisha kiatu na kutoa kitabu. Kitabu ni cha somo langu, kina kurasa zaidi ya mia sita, na maktaba ya chuo ninachokwenda inacho. Hapo mama alishinda kwa haki.

Tulibishana hasa juu ya koti. Alitaka ninunue zito kabisa nikiwa hapa, nifike nimejikinga. Nilimwomba tuache. Mwanzoni mwa Oktoba Leipzig haijawa na baridi ya theluji. Shati la mikono mirefu, sweta na jaketi jepesi lisilopitisha mvua vinatosha. Makoti yanayouzwa kwenye nchi zisizo na baridi mara nyingi ni mazito kwa mkono na mepesi kwa upepo, na yanakula kilo mbili za mzigo. Pesa ya koti nimeibeba, koti lenyewe nitalikuta.

Alikubali, akaingiza kofia ya sufu kwenye mfuko wa pembeni akidhani sijaona.

Vyakula ndivyo vinavyowaumiza watu forodhani. Nyama na maziwa, na chochote kilichotengenezwa navyo, haviingii Umoja wa Ulaya mikononi mwa msafiri kutoka nje, hata kama ni kipande kimoja kilichokaushwa na bibi kwa mapenzi yote. Matunda na mboga mbichi vinataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Yaani ndizi inapita, embe linakamatwa. Nimeacha vyote.

Benki ya umeme, yaani power bank ya kuchajia simu, haikubaliwi kwenye begi la chini ya ndege; inakaa mkononi, na kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Yangu imeandikwa 20,000 mAh kwa volti 3.7, nikizidisha napata 74, inapita. Soketi za Ujerumani ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja ya pini tatu za bapa inahitaji adapta. Nimechukua adapta moja na waya wa kugawia umeme wenye matundu manne. Adapta moja inalisha kila kitu.

Jumapili, Septemba 28

Wageni kutwa. Kila mtu na ushauri wake, na wote wanagongana.

Mjomba alitaka kujua kwa nini sikuondoka Ijumaa wakati tiketi ya Ijumaa ilikuwa ya bei ya chini. Nilimweleza kwamba Ijumaa usiku nikiondoka ninatua Jumamosi, na Ujerumani Jumamosi na Jumapili ofisi hazifunguki, za mabweni zikiwemo, tena mkataba wangu wa chumba unaanza Oktoba 1. Ningelipa hoteli siku nne kwa kuokoa tofauti ndogo ya nauli. Alifikiri kidogo, akasema nimeanza kuwa kama Wajerumani, na sikujua kama ni sifa au lawama.

Jumatatu, Septemba 29

Kuondoka. Machozi yamekuwa ya kawaida, siyaandiki.

Jioni tuko Addis Ababa tukisubiri ndege ya usiku kwenda Frankfurt. Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia asubuhi kama sisi, kwa hiyo nilipomsikia mhudumu wa duka la kahawa akimwambia mwenzake saa, kwa mara ya mwisho katika safari hii saa ya mtu mwingine ilikubaliana na ya kichwani mwangu. Kuanzia kesho ni kutafsiri.

Kwenye viti vya kusubiria nilisikia Kiswahili nyuma yangu. Kaka mmoja, anakwenda Mannheim kusoma shahada ya kwanza.

"Dada, wewe chuo chako unalipa ada?"

Nikamwambia nalipa mchango wa muhula tu. Yeye analipa euro 1,500 kila muhula, kwa sababu jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya tangu 2017. "Masomo ya bure Ujerumani" ni sentensi inayohitaji jina la jimbo na la chuo mbele yake. Kaka huyu alikuwa anajua hesabu zake vizuri kuliko mimi. Kilichokuwa kimemkwama ni kwamba anakwenda kufikia kwa rafiki wa rafiki, kwenye sofa. Nilimuuliza kama huyo rafiki atamsainia fomu ya mwenye nyumba. Hakuwa amewahi kuisikia. Tulikaa tukaizungumza mpaka wakaita abiria wa geti letu, na akamtumia ujumbe rafiki yake hapo hapo.

Jumanne, Septemba 30

Frankfurt alfajiri. Kwenye dirisha la polisi wa mpakani, viza pekee haikutosha. Aliuliza unakwenda kusoma nini, wapi, utaishi wapi, pesa ziko wapi. Nilikuwa na bahasha moja mkononi yenye barua ya udahili, mkataba wa chumba, uthibitisho wa akaunti na bima ya safari, kwa mpangilio huo. Alitazama mbili za kwanza, akagonga mhuri. Pembeni yangu kijana mmoja alikuwa amechuchumaa sakafuni akifungua sanduku zima kutafuta barua iliyokuwa ndani ya laptopu isiyo na chaji. Kuwa na nakala kwenye simu ni vizuri, lakini mpakani karatasi bado ni mfalme.

Kituo cha treni za masafa marefu kimeungana na Terminali 1 kwa daraja la ndani, unafika kwa kufuata alama tu. Tiketi yangu ya treni niliikata ya kuweza kupanda treni yoyote ya siku ile. Ile ya bei ya chini inakufunga kwenye treni moja, na aliyetoka kwenye ndege hajui foleni ya mpakani itamla muda gani. Njia inapita Fulda, Eisenach na Erfurt, kama saa tatu na nusu. Yetu ilisimama porini, tukafika tumechelewa zaidi ya saa nzima. Abiria wenzangu hawakushangaa. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, ukichelewa kufika kwa dakika 60 unadai robo ya nauli, na kwa dakika 120 unadai nusu. Nimetunza tiketi, nitadai nikipata akaunti ya kurudishiwa.

Leipzig reli zinaingia kituoni na kuishia hapo hapo, zimejipanga sambamba kama meno ya kitana. Usiku huu nalala hosteli ya wasafiri karibu na kituo. Chumba ni kesho.

Jumatano, Oktoba 1

Ofisi ya bweni ilifungua saa tatu asubuhi na foleni ilikuwa imeshafika mlangoni. Mtunzaji wa jengo, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, alinipeleka chumbani na karatasi ya makabidhiano. Nilipita naye polepole: mkwaruzo kwenye kabati, doa kwenye zulia, kitasa cha dirisha kilicholegea. Kila kimoja kimeandikwa, na mimi nimekipiga picha. Alingoja bila kununa. Kisichoandikwa leo kitakatwa kwenye dhamana yangu siku ya kuondoka.

Kisha akanishusha chini kwenye visanduku vya barua. Hapa ndipo nilipoelewa nchi hii inavyoendeshwa. Tarishi haangalii namba ya chumba, anaangalia jina lililobandikwa kwenye kisanduku. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, na barua ndiyo inayoleta kila kitu: kadi ya benki, namba yake ya siri inayokuja kwa bahasha nyingine siku nyingine, kadi ya bima, namba ya mlipa kodi. Kisanduku changu kilikuwa na vibandiko vya waliotangulia, kimoja juu ya kingine, vimekwanguliwa nusu nusu, ukisogea karibu unaweza kusoma silabi za watu watatu tofauti. Mzee alichapa ukoo wangu kwenye kijimashine, ukawa mrefu kuliko nafasi, akapunguza herufi, akachapa tena. Alipobandika alipitisha kidole gumba mara mbili ili kishike.

Nilimwomba pia ile fomu niliyomweleza kaka wa Mannheim: Wohnungsgeberbestätigung, tamko la mwenye nyumba kwamba kweli umehamia. Ofisini walikuwa nayo tayari imesainiwa. Bila fomu hiyo usajili wa makazi haufanyiki, hata uje na mkataba wenye mihuri kumi. Na usajili unatakiwa ufanyike ndani ya wiki mbili tangu kuhamia.

Alhamisi, Oktoba 2

Nimekimbia leo kwa sababu kesho kila kitu kimefungwa.

Laini ya simu kwanza. Tangu 2017 hata laini ya kulipia kabla lazima isajiliwe kwa kitambulisho, na muuzaji aliandika pasipoti na anwani yangu mpya kabla ya kuiwasha.

Bima ya afya nilikuwa nimeiomba nikiwa nyumbani. Leo nimekwenda ofisini kwao kuthibitisha anwani. Mwanafunzi ambaye hajafikisha miaka 30 anaingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, kwa sasa kati ya euro 140 na 150 hivi kwa mwezi. Kuna kampuni za binafsi zinazouza bima kwa nusu ya hiyo, na matangazo yake yanawafuata wanafunzi wa kigeni kila kona. Ukijitoa bima ya umma mwanzoni ili uingie ya binafsi, kwa kawaida huwezi kurudi tena mpaka umalize masomo. Bima ya bei ya chini nimeitumia kwa siku za safari tu, kuziba pengo kabla ya muhula. Bima ya umma yenyewe ndiyo inayokitumia chuo taarifa kwa njia ya kielektroniki, wanaiita M10. Bila hiyo chuo hakikusajili.

Chuo kimenisajili mchana, na tiketi ya muhula iko kwenye simu. Inanipitisha nchi nzima kwa mabasi, tramu na treni za mikoa, ila siyo treni za kasi kama ile ya juzi.

Miadi ya usajili wa makazi nilikuwa nikiisaka mtandaoni tangu niko nyumbani. Nafasi hujaa, kisha nyingine huachiwa asubuhi watu wanapofuta zao. Nimepata Jumanne.

Ijumaa, Oktoba 3

Siku ya Muungano wa Ujerumani, tangu 1990. Maduka yamefungwa, mitaa mitupu. Nilikuwa nimenunua mkate na mayai jana.

Nimetembea mpaka kanisa la Nikolai. Kutoka hapa na makanisa mengine ya mjini ndiko watu walikokuwa wakitoka kuandamana kila Jumatatu mwaka 1989, na tarehe 9 Oktoba walifika kama 70,000 bila risasi kufyatuliwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Nimekuja kusoma hapa kwa sababu ya kozi, nilikuwa sijalifikiria hilo kabisa.

Jumamosi, Oktoba 4

Koti! La mtumba, limeshonwa kwa ajili ya baridi ya huku, zipu nzima, na nimeshalivaa jioni kwa sababu upepo umebadilika. Picha nimemtumia mama. Amejibu: "Na kofia je?" Kofia ninayo kichwani.

Jumatatu, Oktoba 6

Benki. Waliniomba pasipoti, uthibitisho wa chuo, na cheti cha usajili wa makazi ambacho sitakuwa nacho mpaka kesho. Mhudumu alifungua faili na kunipa miadi keshokutwa. Tangu 2016 sheria inampa haki ya akaunti ya msingi kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kukataliwa moja kwa moja siyo rahisi. Ni kusubiri tu. Nimekula kwenye zile pesa za pembeni.

Jumanne, Oktoba 7

Usajili. Namba yangu ikatokea kwenye kioo, nikaingia, mama mmoja wa makamo akachukua pasipoti na fomu ya mwenye nyumba. Maswali machache: umetoka wapi, umeolewa, dini gani.

Hilo la dini lisikupite ukidhani ni salamu. Anayejiandikisha Mkatoliki au Mprotestanti wa kanisa la kiinjili la Kijerumani anaingizwa kwenye kodi ya kanisa, ambayo huku jimbo la Saxony ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Mwanafunzi asiyelipa kodi ya mapato hadaiwi kitu, lakini rekodi inabaki mpaka siku utakapoajiriwa. Kila mtu ajibu kwa dhamiri yake, ila ajue anajibu nini.

Ilichukua kama dakika kumi, haikulipiwa senti. Nimetoka na karatasi moja yenye jina langu, mtaa, namba ya nyumba. Nimeitolea kopi kabla sijapanda tramu.

Jumatano, Oktoba 8

Benki wamepokea cheti na akaunti imefunguliwa. Kadi na namba ya siri zitakuja kwa posta, kila moja na safari yake. Nimewatumia wenye akaunti ya kufungia namba ya akaunti mpya pamoja na picha ya viza na ya cheti. Namba ya kodi itakuja yenyewe kwa barua, huitumiwi kwa simu wala barua pepe, na bila hiyo mwajiri atakukata kodi ya daraja la juu kabisa. Sheria inaniruhusu kufanya kazi siku 140 nzima au nusu-siku 280 kwa mwaka. Muhula huu sitafuti kazi.

Barua ya kwanza niliyoikuta kwenye kisanduku nilidhani ni ya benki. Kumbe ni ya chuo, yenye kadi ya maktaba. Itakayofuata bila shaka ni ile ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Wanayapata majina kwenye usajili wa makazi. Waliotangulia bwenini wameshaniambia tuulizane kwanza nani analipa, maana kwenye nyumba ya pamoja inalipwa moja tu.

Kilichobaki ni kibali cha ukaazi. Viza yangu inaisha Desemba, na ofisi ya wageni ina foleni ndefu, kwa hiyo ombi nimelituma leo mtandaoni na viambatanisho vyote. Ombi likifika kabla ya viza kuisha, ukaaji wako unaendelea kuwa halali mpaka wakuamulie; ndiyo maana ule ujumbe wa kwamba wamelipokea nimeuchapa na kuuweka ndani ya pasipoti. Zile picha ndogo nilizopiga nyumbani kwa wingi hazitatumika: tangu Mei 2025 ofisi za hapa zinachukua picha ya kidijitali peke yake, unayopigwa pale pale au na mpiga picha aliyeidhinishwa. Mihadhara inaanza Jumatatu.